Je, Wajua? Slaidi za Zamani: Skana Maalumu au Skana Bapa?

Masanduku ya slaidi bado yamejaa kwenye makabati ya familia, nyumba za misheni na vyuo. Mwenye sanduku akiamua kuziingiza kwenye kompyuta hukutana na swali moja: anunue skana maalumu ya slaidi, au skana bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo, itamtosha? Jibu halimo kwenye namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la skana. Limo kwenye sanduku la slaidi lenyewe: ni ngapi, zina ukubwa gani, ziko katika hali gani, na unazitakia kazi gani.

KITU CHENYEWE

Je, wajua kuwa picha iliyo ndani ya slaidi ya kawaida ina milimita 24 kwa 36 tu? Fremu inayoishika, ya karatasi ngumu au plastiki, ina milimita 50 kila upande. Ukitaka kuichapa picha hiyo ijaze karatasi ya A4, lazima ikuzwe zaidi ya mara nane. Kosa lolote la skana nalo hukuzwa mara nane.

Je, wajua kuwa slaidi ndiyo filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera siku picha ilipopigwa? Picha ya karatasi ina negativu yake, na ikichanika unaweza kuchapa nyingine. Slaidi haina negativu nyuma yake. Ikiliwa na kuvu au ikipotea, picha imekwenda, isipokuwa kama kuna aliyewahi kuinakili.

Je, wajua kuwa Kodachrome, filamu ya slaidi iliyopata sifa kuliko zote, ilibuniwa na wanamuziki wawili? Leopold Mannes alipiga piano na Leopold Godowsky mdogo alipiga fidla. Kodak iliitoa mwaka 1935 kwa kamera za sinema, na mwaka 1936 ikaja ya kamera za picha za kawaida. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2009. Maabara ya mwisho duniani kuisafisha, iliyokuwa katika mji mdogo wa Parsons, Kansas, iliacha kupokea roli mwishoni mwa Desemba 2010.

Je, wajua kuwa picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, iliyopamba jalada la National Geographic la Juni 1985, ilipigwa kwa Kodachrome? Steve McCurry aliipiga mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan. Kodak ilipofunga uzalishaji, roli ya mwisho kutoka kiwandani alikabidhiwa yeye.

Je, wajua kuwa Kodachrome hudumu sana gizani lakini hupauka upesi kwenye projekta? Ektachrome za zamani ni kinyume chake: huvumilia zaidi taa ya projekta, lakini rangi zake huchakaa hata zikiwa zimefungiwa sandukuni. Slaidi nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 zilizogeuka kuwa nyekundu au zambarau zimefikia hapo bila mtu kuzigusa. Hizo ndizo za kuanza nazo.

Je, wajua kuwa Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004? Projekta yake ya Carousel, yenye trei ya duara, ilikuwa imeanza kuuzwa mwaka 1961. Balbu na vipuri sasa hutafutwa kwa shida. Kwa familia nyingi, skana ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuziona tena picha zao.

MWANGA NA LENZI

Je, wajua kwa nini mashine ya ofisini, ile ya kuchapa, kutoa kopi na kuskani, hutoa mraba mweusi ukiiwekea slaidi? Taa yake iko chini ya kioo na humulika karatasi, kisha mwanga hurudi kwenye sensa. Slaidi inataka mwanga upite ndani yake na kutokea upande wa pili. Skana bapa ifaayo ni ile yenye taa ya pili kwenye mfuniko. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko: ukikuta ubao mweupe mtupu usioondoka, hiyo ni skana ya karatasi.

Je, wajua kuwa picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana ilikuwa ya mtoto mchanga? Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, aliskani picha ya mwanawe Walden aliyekuwa na miezi mitatu. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Skana ilianza kazi yake na picha ya familia.

Je, wajua kuwa skana nyembamba sana, zile zinazopata umeme kwa waya wa USB peke yake, kwa kawaida haziwezi kazi ya slaidi hata ukizimulika kwa juu? Nyingi hutumia sensa ya CIS, ambayo huona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Filamu ndani ya fremu yake imeinuka kidogo kutoka kwenye kioo, na umbali huo mdogo unatosha kuifanya picha iwe na ukungu. Skana za kazi hii hutumia sensa ya CCD pamoja na lenzi. CCD ilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, na mwaka 2009 ikawapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Je, wajua tofauti kubwa kuliko zote kati ya mashine hizi mbili? Ni upana ambao lenzi inatakiwa kuutazama. Lenzi ya skana bapa ya kawaida lazima ione kioo chote, sentimita 21 na ushei. Lenzi ya skana ya slaidi huona upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Zote zina kazi ya kutoa undani wa picha ileile ndogo, lakini moja imeelekeza nguvu zake zote hapo, na nyingine imezitawanya.

Je, wajua kuwa filamu ndani ya fremu ya karatasi hailali sawasawa? Ishike slaidi usawa wa jicho, uitazame kwa ubavu chini ya dirisha: utaona katikati imevimba kidogo upande mmoja. Skana za Nikon Coolscan zilijitafutia fokasi kwa kila slaidi, na uliweza hata kuchagua sehemu ya picha inayotakiwa iwe kali. Skana bapa nyingi zina fokasi moja iliyofungwa. Baadhi ya skana maalumu za bei nafuu nazo fokasi yake imefungwa, kwa hiyo jina "skana ya slaidi" peke yake halikuhakikishii kitu.

Je, wajua kuwa joto la taa linaweza kuifanya filamu ijikunje wakati inasomwa? Ndiyo sababu taa za LED, zisizotoa joto jingi, ni nafuu kubwa. Coolscan zilitumia LED za nyekundu, kijani na bluu tangu zamani. Epson nayo ilitumia LED kwenye skana zake bapa za V800 na V850, zilizotoka mwaka 2014. Faida nyingine ni kwamba huhitaji kusubiri taa ipate moto ndipo uanze kazi.

NAMBA ZA KWENYE BOKSI

Je, wajua kuwa skana iliyoandikwa "6400 dpi" inaweza kukupa robo tu ya undani huo? Dpi ni idadi ya nukta kwa inchi moja. Epson V600 imeandikwa 6400, lakini ikipimwa kwa bamba la majaribio lenye mistari inayozidi kuwa myembamba, huishia karibu na 1,600. V850, yenye namba ileile ya 6400, hufika kama 2,300. Plustek OpticFilm 8200i, ambayo ni skana maalumu, imeandikwa 7200 na hutoa kama nusu yake. Nikon Coolscan 5000 iliandikwa 4000, na ilikaribia kabisa kuitimiza.

Je, wajua kwa nini namba hizo hupishana hivyo bila mtengenezaji kusema uongo? Anahesabu vijicho vya sensa na hatua za mota, navyo vipo kweli. Lakini vijicho hivyo hupokea tu kile ambacho lenzi imeviletea. Lenzi ikiwa haioni mstari mwembamba, vijicho elfu sita vitarekodi ukungu uleule kwa nukta nyingi zaidi.

Je, wajua kuwa dpi 4000 za kweli hukupa pikseli 5,669 kwa 3,780 kutoka kwenye slaidi moja? Hizo ni pikseli milioni 21. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya sentimita 48 kwa 32 yenye ukali unaoridhisha hata ukiisogelea. Hiyo ni kazi ya maonyesho na ya kitabu.

Je, wajua kuwa 1,600 za kweli nazo si za kudharau? Zinakupa pikseli 2,268 kwa 1,512. Televisheni ya Full HD ina 1,920 kwa 1,080, na picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka 1,772 kwa 1,181. Kama lengo ni kuzituma kwa ndugu kwenye simu na kuzitazama sebuleni, skana bapa inatosha, na hakuna haja ya kumwonea haya mtu.

Je, wajua kuwa kuiweka skana bapa kwenye namba yake ya juu ni kujaza diski bure? Slaidi moja kwa dpi 6400 huwa na pikseli karibu milioni 55 na faili la megabaiti 165 hivi. Jaribu mwenyewe: chukua slaidi yenye maandishi, kwa mfano kibao cha duka au namba ya gari. Iskani kwa 2400, kisha kwa 6400, uyakuze maandishi hayo kwa ukubwa uleule kwenye skrini. Kama hayakuongezeka usomekaji, umekijua kikomo cha skana yako, na kuanzia hapo utaokoa saa nyingi.

Je, wajua kuwa kuna namba nyingine muhimu kuliko dpi? Inaitwa Dmax, nayo hueleza skana inaona kina gani cha kiza. Kipimo hiki hupanda kwa makumi: kiza cha 3.0 hupitisha sehemu moja ya mwanga kwa elfu moja, na cha 4.0 sehemu moja kwa elfu kumi. Picha ya karatasi huishia karibu na 2. Slaidi huvuka 3 kwa mbali. Ndiyo maana skana iliyo bora kwa karatasi inaweza kushindwa kabisa na vivuli vya slaidi, ikatoa nywele nyeusi kama doa moja lisilo na unywele.

Je, wajua kuwa Dmax ya kwenye boksi nayo hutiwa chumvi? Kipimo cha kweli ni slaidi yako yenye kiza kuliko zote. Tafuta ile ya ndani ya nyumba, au ya mtu mweusi aliyesimama chini ya mwembe saa sita mchana. Skani, kisha ukiangaze kivuli kwa programu. Ukiona sura inajitokeza, skana inafaa. Ukiona chengachenga za rangi na mistari, haifai. Kwa picha za watu wetu, jaribio hili ni la lazima: uso ndio picha, nao mara nyingi uko kwenye kivuli.

Je, wajua kuwa biti 8 hugawa kila rangi katika ngazi 256, na biti 16 katika ngazi 65,536? Slaidi nzuri haihitaji ngazi zote hizo. Slaidi iliyopauka inazihitaji, kwa sababu ukianza kuvuta rangi zilizofifia zirudi, ngazi 256 huachana na anga hutokea na michirizi.

VUMBI, KUVU NA SIKI

Je, wajua kuwa skana inaweza kulitambua vumbi kwa mwanga usioonekana? Rangi za filamu huruhusu mwanga wa infraredi upite kama vile hazipo. Vumbi na mikwaruzo huuzuia. Skana yenye infraredi huisoma slaidi mara moja zaidi kwa mwanga huo, ikapata ramani ya uchafu peke yake, kisha programu huyajaza matundu kwa rangi za jirani. Ufundi huu, uitwao Digital ICE, ulitoka kwa kampuni ya Applied Science Fiction ya Austin, Texas. Uko kwenye skana nyingi maalumu na baadhi ya skana bapa. Kama una slaidi zaidi ya mia mbili tatu, usinunue skana isiyo na infraredi.

Je, wajua kuwa Kodachrome huichanganya infraredi hiyo? Filamu yenyewe huzuia kiasi cha mwanga huo, hasa kwenye sehemu zenye kiza, na programu hudhani kope au ukingo wa kanga ni mkwaruzo, ikaufuta. Nikon Super Coolscan 9000 ilikuja na toleo la ICE lililoundwa kuikabili Kodachrome. Kwa skana nyingine, skani slaidi ileile mara mbili, infraredi ikiwa imewashwa na kisha ikiwa imezimwa, ulinganishe nyuso kabla ya kuendelea na sanduku zima.

Je, wajua kuwa kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe infraredi haifai hata kidogo? Picha yake imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyozuia. Izime. Hapo kazi hubaki kwa pampu ya kupuliza, brashi laini na subira.

Je, wajua kuwa kwa dpi 4000 kila pikseli ni kama sehemu 6 za elfu za milimita? Unywele mmoja wa kichwa, wenye unene wa takriban milimita 0.07, huonekana kama kamba yenye upana wa pikseli 11. Dakika moja ya kupangusa kabla ya kuskani huokoa nusu saa ya kurekebisha baadaye.

Je, wajua kuwa skana bapa ina vioo viwili vya kutunza, cha chini na cha kwenye mfuniko, na kila kimoja hukusanya vumbi lake? Katika skana nyingi za slaidi hakuna kioo kati ya lenzi na filamu. Katika mji wenye vumbi, au nyumba inayofunguliwa madirisha mchana kutwa, tofauti hiyo huonekana tangu slaidi ya kwanza.

Je, wajua kuwa pete zenye rangi za upinde wa mvua zinazotokea kwenye baadhi ya skani huitwa pete za Newton? Hutokea filamu ikigusana na kioo kisichokaa sawa. Slaidi zilizofungwa katikati ya vioo viwili huzileta sana. Filamu yake ikihamishiwa kwenye fremu isiyo na kioo, pete huondoka. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye mkono mtulivu na glavu za pamba.

Je, wajua kuwa kuvu hula jelatini, tabaka lenyewe lililobeba picha? Slaidi zilizokaa Mombasa, Tanga, Unguja au Lamu huwa na alama zake: nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka kitovu kimoja, mara nyingi kuanzia pembeni mwa fremu. Usizipanguse kwa maji kamwe. Jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kwenye maji, na picha itatoka pamoja na kitambaa. Zitenge na nyingine, zikae pakavu, uziskani jinsi zilivyo.

Je, wajua kuwa harufu ya siki sandukuni ni dalili ya ugonjwa wa filamu? Filamu ya asetati ikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wa filamu zilizo jirani. Taasisi ya uhifadhi wa picha iliyoko Rochester, New York, ilibuni vijikaratasi vya buluu vinavyogeuka kijani, kisha njano, kadiri asidi inavyozidi. Pua yako inaweza kuanza kazi hiyo leo bila gharama. Sanduku lenye harufu huskaniwa kwanza.

UKUBWA USIO WA KAWAIDA

Je, wajua kuwa si kila slaidi yenye fremu ya milimita 50 ina picha ya 24 kwa 36? Kamera za Instamatic, zilizoanza mwaka 1963, zilitoa picha za mraba za milimita 28. Filamu ya 127 ilitoa mraba wa milimita 40 ndani ya fremu ileile. Skana maalumu ya slaidi za kawaida itazipokea, halafu itakata kingo, na aliyesimama pembeni atabaki nje ya picha. Skana bapa huona picha yote.

Je, wajua kuwa slaidi za kioo za wamisionari haziingii kabisa kwenye skana maalumu ya filamu ndogo? Slaidi za taa za Kiingereza, zilizoonyeshwa makanisani na mashuleni kabla ya filamu ya rangi, ni kioo chenye mraba wa karibu sentimita 8.3. Hapo skana bapa yenye taa ya juu haina mpinzani wa bei yake. Kumbuka tu kuwa kioo cha zamani huvunjika kwa uzito wa mfuniko. Usiuachie.

Je, wajua kuwa hata katika kumbukumbu kubwa ya picha za Afrika Mashariki nyingi ni za karatasi? Mkusanyo wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za eneo letu za kati ya 1860 na 1960, nyingi zikiwa za karatasi na kwenye albamu. Tazama kabati lako kwa jicho hilo. Kama slaidi ni thelathini na picha za karatasi ni mia nane, skana bapa ndiyo yako.

Je, wajua kuwa skana ya slaidi haisomi kilichoandikwa kwenye fremu? "Harusi ya Bi Zuhura, Pangani" itabaki kwenye karatasi, na faili litaitwa 0047. Skana bapa ina dawa yake: kioo cha A4 huchukua slaidi 20 kwa safu nne. Zipange kwa mfuatano, uziskani kama karatasi kwa dpi 300, na maelezo yote 20 yamehifadhika kwa mpigo mmoja. Kodak yenyewe ilikuwa ikigonga mwezi na mwaka wa kusafishwa kwenye fremu nyingi. Hata mwenye skana maalumu afanye hivi kwanza.

MUDA NA FEDHA

Je, wajua kuwa slaidi 1,000, kwa dakika mbili kila moja, ni zaidi ya saa 33 za kazi? Hapo hujahesabu kupangusa, kupanga na kurekebisha rangi. Watu wengi huacha katikati kwa sababu hii. Chagua kwanza: skrini nyeupe ya simu, ikifunikwa kwa plastiki nyeupe isiyopitisha umbo, inatosha kuzimulika slaidi na kuzitenga zinazostahili.

Je, wajua kuwa skana bapa inaweza kwenda mbio kuliko skana maalumu ya bei nafuu? V600 hupakia slaidi nne kwa pamoja, V850 kumi na mbili. Unabonyeza, unaenda kupika. Skana maalumu za kawaida hupakia nne lakini unazisukuma kwa mkono moja moja, na kila moja inakuita.

Je, wajua kuwa kuna skana maalumu zinazojilisha zenyewe? Nikon ilikuwa na kilishio cha SF-210 cha slaidi 50, na zipo za Reflecta zinazomeza trei nzima ya projekta. Kwa slaidi maelfu, hizo hupunguza sana kazi ya mkono. Fremu za karatasi zilizopinda hukwama humo, kwa hiyo usiwashe mtambo na kuondoka nyumbani.

Je, wajua kuwa skana nyingi zinazosifiwa zaidi hazitengenezwi tena? Konica Minolta ilitangaza kujitoa kwenye biashara ya kamera na picha mwaka 2006, na Coolscan za Nikon ziliondoka sokoni miaka michache baadaye. Zilizobaki ni mitumba. Kabla ya kununua, angalia tundu la waya: nyingine zinataka SCSI au FireWire, ambazo kompyuta za leo hazina. Coolscan V na 5000 hutumia USB. Programu ya VueScan, iliyoanza mwaka 1998, huziendesha skana nyingi zilizosahauliwa na watengenezaji wake.

Je, wajua kuwa mwenye kamera nzuri na lenzi ya makro anaweza asinunue skana yoyote? Lenzi inayofikia ukubwa wa 1:1 hujaza sensa ya milimita 24 kwa 36 kwa slaidi nzima, na picha hupatikana kwa sekunde. Inahitaji stendi imara, taa nyeupe sawasawa na ulinganifu wa makini. Infraredi haimo, kwa hiyo vumbi ni lako.

Je, wajua namna ya kujua kama slaidi imegeuzwa? Upande unaong'aa ukielekea kwako, picha iko sawa. Upande wa pili ni butu, na kwenye Kodachrome ukiuinamisha kwenye mwanga utaona picha imechongeka kwa mabonde na vilima vidogo. Ukikuta magari ya Nairobi au Dar es Salaam yanapita kulia mwa barabara, umeiskani kinyume.

Je, wajua kuwa slaidi 1,000 kwa dpi 4000 na biti 16 hujaza gigabaiti 129? Hifadhi nakala kuu kwa TIFF na ya kutuma kwa JPEG. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Slaidi zenyewe usizitupe, maana skana za kesho zitaona zaidi.

UAMUZI KWA UFUPI

Slaidi nyingi za milimita 35, unataka kitabu, maonyesho au kumbukumbu ya taasisi: skana maalumu yenye infraredi na fokasi inayojitafuta.

Slaidi chache, picha za karatasi nyingi, matumizi ni simu na televisheni: skana bapa yenye taa ya juu na infraredi.

Vioo, filamu kubwa, saizi mchanganyiko: skana bapa ya daraja la juu.

Maelfu ya slaidi na kumi bora miongoni mwake: bapa kwa zote, kisha zile kumi zipelekwe kwa mwenye skana maalumu. Njia hii ndiyo nafuu kuliko zote, na watu wachache huifikiria.

Je, wajua, mwisho kabisa, kuwa hakuna skana inayojua majina? Mtu anayeweza kusema yule aliyesimama nyuma ya bibi ni nani anaweza kuwa na miaka themanini sasa. Skani kwa ubora wowote ulio nao wiki hii, mpelekee picha kwenye simu, mkae naye, uandike kila jina analolitaja. Skana bora unaweza kuinunua mwakani.